Uwanja wa Mavuno na Nyapara Wandera

Vijana wa idara ya maendeleo ya jamii mmeniomba niandike niliyoyaona kazini. Nimestaafu juzi tu, na asubuhi sina shughuli nyingine ila kutazama kuku, kwa hiyo nitaandika. Vyeo sitavitaja, maana vilikuja kwa kuchelewa na havikunifundisha kitu. Nitaandika ile miaka ya sitini, nilipokuwa msichana mwenye baiskeli ya serikali, na kazi yangu ilikuwa kuwakusanya watu wa saza letu, yaani tarafa, washerehekee pamoja bila kuumizana. Miaka iliyofuata mnaijua wenyewe, au mtasimuliwa na wengine.

Naitwa Robina Taaka, mzaliwa wa Dabani. Saza letu lilikuwa dogo. Ukitoka Tororo kwa baiskeli asubuhi, ukapita Busitema, jua halijawa kali uko Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, na ukiendelea kidogo unafika kwenye maji ya ziwa. Lakini ndani ya udogo huo mlikuwa na Wasamia, Wagwe, Wapadhola na Wateso, na kila mmoja aliamini kwamba ngoma ya mwenzake ni kelele. Kiswahili cha sokoni ndicho kilichotuwezesha kuelewana, na ndiyo sababu naandika kwa Kiswahili.

Mwaka ulikuwa na sherehe zake. Pasaka ilikuwa mpira kati ya Busia yetu na Busia ya upande wa Kenya. Oktoba, baada ya kupata bendera yetu, kulikuwa na Siku ya Uhuru, yenye hotuba ndefu na watoto wengi waliozirai kwa jua. Krismasi ilikuwa ya makanisa na ngoma. Lakini sherehe kubwa kuliko zote ilikuwa maonyesho ya mavuno, mwezi wa nane, wimbi, yaani ulezi, likishakauka ghalani. Watu walileta nafaka, fahali, vikapu, asali na samaki wa kukaushwa, wakashindanishwa, wakapewa zawadi, wakacheza, wakarudi nyumbani na mambo ya kuzungumza hadi Krismasi.

Nilifika makao makuu ya saza kuanza kazi wiki tatu kabla ya maonyesho yangu ya kwanza. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo na cheti kipya, na nilivaa viatu vyeupe vyenye visigino. Mkuu wangu alikuwa na wageni, akanielekeza uwanjani bila kuinua kichwa. "Nenda kwa Nyapara Wandera. Atakuonyesha."

Nyapara Wandera alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na kofia ambayo rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Alikuwa amechuchumaa katikati ya uwanja akifunga fundo kwenye kamba ya katani. Alitazama cheti changu kwa heshima, kisha akatazama viatu.

"Misi," alisema, "hii viatu ni ya kanisa."

Nikamjibu kwa Kisamia, kwa kuwa nilijua sote ni Wasamia. Akatikisa kichwa. "Hapa uwanjani tunasema Kiswahili. Mteso akipita akasikia sisi tunasema lugha yetu, atafikiri tunapanga kumnyima zawadi."

Hilo lilikuwa somo la kwanza. La pili lilikuwa kuvua viatu. Akanipa ncha moja ya ile kamba, yenye fundo kila hatua tano, tukapima uwanja mzima kwa miguu mitupu siku hiyo, na siku iliyofuata tukaupima tena kwa sababu hakuniamini. Tulipiga vigingi, tukachora mistari kwa chokaa. Nilikuwa nimefundishwa kuchora ramani ya uwanja kwa penseli na rula. Ramani yake ilikuwa kichwani, na kila kigingi kilikuwa na kisa chake.

Banda la pombe ya wimbi lilikaa mbali na fahali, kwa sababu mwaka mmoja mtu alikwenda kumkumbatia fahali. Vibanda vya gombolola mbili, yaani kata, zinazogombea ushindi havikutazamana. Kina mama wazee walipewa upande wenye kivuli cha mchana, si cha asubuhi, kwa kuwa asubuhi kila mtu ana nguvu. Na uwanja ulikuwa na milango miwili: kikundi cha ngoma kilichoshinda kilitokea mlango wa barabarani kishangiliwe, kilichoshindwa kilitokea mlango wa nyuma, kipate kutukana peke yake.

"Na waamuzi wa pombe?" nilimuuliza, maana kitabu cha mafunzo hakikusema lolote juu yao.

"Hao waanze mwisho. Wakianza kwanza, hawataamua kitu kingine."

Maonyesho yangu ya kwanza yalipita salama. Kipaza sauti, ambacho tuliazima Tororo pamoja na betri ya gari, kilikufa saa nne asubuhi, na siku yote iliyobaki nilitangaza washindi kwa mdomo wangu. Jioni sikuwa na sauti. Nyapara aliniletea maji ya moto yenye asali, akaniambia nimefanya vizuri, kisha akaongeza kwamba kibanda cha nne kilikuwa kimepinda.

Sasa niwaeleze kesi iliyonifundisha zaidi.

Katika kazi yangu nilisimamia pia vilabu vya wanawake. Klabu kubwa ilikuwa ile iliyoongozwa na Mama Perusi, mke wa mkuu wa muluka mmoja, kijisehemu cha gombolola, upande wa Dabani. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti, mwimbaji wa kwanza kanisani, na mtu aliyeweza kuifanya barabara ifagiliwe kwa kuitazama tu. Katika maonyesho yangu ya pili, ungo wake wa kupepetea wimbi ulishinda. Niliambiwa kwamba hata kabla sijaja ulikuwa ukishinda. Ulikuwa ungo mwepesi wa matete, ukingo wake mweusi kwa matope ya kinamasi, na msuko wake ulibana hata maji yalikawia kupenya. Zawadi ilikuwa blanketi. Nilimfunga utepe mwekundu mwenyewe.

Mama mmoja mgeni rasmi, aliyependa sana ule ungo, akamwomba Mama Perusi amwonyeshe jinsi ya kufunga ukingo. Mama Perusi akatazama vidole vyake.

"Leo kidole kinauma, mama," alisema. "Siku nyingine."

Sikufikiri chochote. Baada ya wiki mbili nilikuwa nikitembelea nyumba kwa nyumba kwa baiskeli, kukagua vyoo na majiko kama tulivyoagizwa, nikafika kwa yule mkuu wa muluka bila taarifa. Mama Perusi alikuwa amekwenda kanisani. Nikazunguka nyuma kuomba maji ya kunywa. Kule nyuma kulikuwa na nyumba ndogo ya pili, na mbele ya mlango aliketi mwanamke kijana, miguu ameinyoosha, matete yaliyochanwa yakiwa yamelowekwa kwenye sufuria kando yake. Mapajani alikuwa na ungo uliobakiza kufungwa ukingo tu. Ukingo ule aliuanza kwa weusi uleule.

Nilisalimia. Akainuka, akapiga goti, akaniletea maji. Jina lake alisema ni Anyango, Mpadhola kutoka karibu na Tororo, mke wa pili wa mzee wa nyumba ile.

"Huu ungo ni wako?" nikamuuliza.

"Ni ya mama mkubwa."

"Nauliza nani anasuka."

Aligeuza ungo mikononi kama anayetafuta kasoro. "Mikono ni yangu," alisema. "Jina ni lake."

Nilipanda baiskeli nikiwa na hasira. Nilikuwa kijana, na niliamini mambo yana pande mbili tu. Njiani nilishaandaa maneno yote. Ningesimama mbele ya klabu Jumapili inayofuata, ningemvua Mama Perusi ushindi wake, ningemtaka arudishe blanketi. Nilipofika uwanjani, Nyapara Wandera alikuwa akitengeneza ua ulioangushwa na fahali. Nikamwambia yote bila kupumua.

Alisikiliza hadi mwisho, misumari mdomoni. Kisha akaitoa, mmoja mmoja, akaiweka mfukoni.

"Blanketi iko wapi?" aliuliza.

"Blanketi gani?"

"Ile ya zawadi. Umeiona nyumba gani?"

Sikujua. Sikuwa nimetazama.

"Nenda angalia blanketi kwanza," alisema, na akarudi kwenye ua wake.

Nilirudi siku ya tatu. Safari hii Mama Perusi alikuwapo, akipembua wimbi barazani. Nilikataa kiti. Nikamwuliza wazi kama ungo ule aliusuka yeye. Hakukana. Aliinuka, akanishika mkono kama mtu anavyomshika mtoto mkorofi, akanizungusha nyuma hadi ile nyumba ndogo, akasukuma mlango. Kitandani, juu ya mtoto mchanga aliyelala, lilikuwapo blanketi la zawadi. Kwenye kamba ya ukutani zilining'inia tepe tatu: mmoja nilioufunga mimi, na mbili za miaka ya nyuma.

"Kila kitu kiko hapa," alisema Mama Perusi. "Mimi nilibeba tu."

"Kwa nini hakuleta mwenyewe?"

"Misi, unaniuliza mimi? Wewe ndiye ulisoma kanuni za klabu. Mwanachama awe na cheti cha ndoa ya kanisa. Asiye mwanachama asilete kitu kwenye kibanda cha klabu. Huyu ana cheti gani? Bwana alimleta hapa mimi nikiwa nacho tayari." Akamfunika mtoto vizuri. "Alipokuja sikumpenda. Mwaka mzima sikusema naye. Halafu nikaona mikono yake. Nikasema, kazi kama hii itakaa jikoni mpaka iliwe na panya? Nikaipeleka kwa jina langu. Nifanyeje?"

Anyango alikuwa mlangoni nyuma yetu, ameinama.

Kanuni zile hazikutungwa na mimi, lakini daftari la klabu lilikuwa limeandikwa upya mwaka ule, na mwandiko ulikuwa wangu. Nilikuwa nimeuandika ule mstari kwa wino wa buluu nikaupigia mstari chini kwa rula ili upendeze. Nilimwomba Mama Perusi msamaha, nikakubali kiti, nikanywa chai, na sikukagua choo siku hiyo.

Nilimweleza Nyapara. Hakucheka, na namshukuru mpaka leo. Nilimwambia nitaifuta kanuni. Akasema klabu ina wake wa wachungaji na wake wa wakuu, na wakisikia mke wa pili anaingia kwa mlango wa mbele, watatoka kwa mlango wa nyuma na kufungua klabu nyingine. "Kanuni ni ya kibanda," alisema. "Katikati ya uwanja hakuna kibanda."

Nilihitaji siku mbili kuelewa. Kisha nikaandika pendekezo kwa mkuu wangu: mwaka ujao, shindano la kusuka lifanyike palepale uwanjani, mbele ya watu, kila msukaji aje na matete yake, na mwanamke yeyote wa saza aruhusiwe. Sababu niliyoiandika ilikuwa kuwafundisha wasichana wa shule. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli pia. Mkuu wangu alipenda kila kitu chenye wasichana wa shule; akaidhinisha.

Wanawake wa klabu walinung'unika. Mmoja aliniambia kusuka mbele ya wanaume ni kama kuoga mbele yao. Mama Perusi ndiye aliyewanyamazisha. Alisema yeye mwaka huo hashindani, kidole chake hakijapona, lakini atakuja, na anayeogopa abaki nyumbani.

Asubuhi ya maonyesho wasukaji kumi na wawili walikaa mstari mmoja katikati ya uwanja, ndani ya duara la chokaa ambalo Nyapara alilichora kwa ile kamba yake. Anyango alikuwa wa mwisho upande wa kushoto. Matete ya kwanza yalimvunjikia. Watu walikuwa wengi, na wengine walikuwa wakisema kwa sauti kwamba huyo ni nani na ametoka wapi. Ndipo Mama Perusi akaingia ndani ya duara, mnene, na gauni lake la kanisani, amebeba sufuria ya maji kichwani. Aliitua mbele ya Anyango, akaketi chini kwenye majani, akaanza kulowesha matete na kumpa moja moja. Alipoketi yeye, wale waliokuwa wakisema walinyamaza.

Kufikia alasiri hapakuwa na ubishi. Waamuzi watatu walimwaga maji kwenye nyungo zote, na ungo wa Anyango ulishika maji mpaka mwamuzi mmoja akachoka kungoja. Mtangazaji wa kipaza sauti, ambacho mwaka huo kilikuwa na betri nzuri, alinijia na karatasi.

"Anyango wa nani?" aliniuliza. "Niseme mke wa nani?"

Mkuu wa muluka mwenyewe alikuwa kwenye viti vya wageni, akitazama viatu vyake. Mama Perusi alikuwa karibu, akifuta majani kwenye gauni.

"Sema Anyango wa nyumba ya Perusi," alisema.

Jina likatangazwa hivyo, mara mbili, na uwanja mzima ukasikia.

Washindi wa saza walikwenda Tororo kwenye maonyesho ya wilaya. Nilimpeleka Anyango na Mama Perusi kwa lori la pamba, sote watatu tukiwa tumekaa juu ya mabomba ya maji ambayo sijui yalikuwa yanakwenda wapi. Anyango alikuwa hajafika kwao tangu aolewe. Tulipoanza kuliona jabali la Tororo, alisimama ndani ya lori lililokuwa linatembea, na ilibidi tumshike sketi. Hakushinda Tororo; alikuwa wa pili, nyuma ya mama mmoja wa Kiteso, na Anyango alikwenda kuutazama ule ungo uliomshinda akaushikashika kwa nusu saa. Alirudi kwenye lori akasema, "Nimejua alivyofanya." Mwaka uliofuata alimshinda. Na mwaka huohuo klabu yenyewe, bila mimi kusema neno, iliniomba niandike daftari jipya, bila ule mstari.

Nimeandika habari hii kwa urefu kwa sababu mtapata kesi kama hizo, na vitabu vya mafunzo vitawaambia mwite mkutano. Mimi niliambiwa nitazame blanketi.

Niendelee. Nyapara Wandera alikuwa akiishi ng'ambo, upande wa Kenya, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka uwanjani. Kila asubuhi alivuka barabara na kofia yake, na kila jioni alivuka kurudi kwa mkewe, Mama Sabina. Kwa miaka mingi hakuna aliyeona ajabu. Wasamia wako pande zote mbili. Watu walivuka kwenda kisimani. Lakini baada ya nchi zote mbili kupata Uhuru, mambo yalianza kuandikwa. Kukaja kizuizi barabarani, kukaja karatasi za kujaza, na mwishoni mwa ile miaka ya sitini kukaja agizo kwamba kazi za serikali ni za raia, na kila mtumishi athibitishe uraia wake.

Afisa aliyekuja kuandikisha alikuwa kijana wa umri wangu, mwenye adabu. Alikuwa na fomu na kalamu mbili. Nilikuwapo, kwa sababu niliomba kuwapo.

"Mzee, ulizaliwa nchi gani?" aliuliza.

"Nilizaliwa shambani, bwana. Mama yangu alikuwa analima."

"Shamba liko nchi gani?"

Nyapara alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu kweli. "Siku hiyo," alisema, "yote ilikuwa Uganda, huku na kule. Wazungu walikuwa hawajakata. Nilikuwa mtoto mdogo nikasikia wamekata. Shamba halikusogea."

"Na sasa liko wapi?"

"Sasa liko Kenya."

Afisa aliweka kalamu chini. Sikuona furaha usoni mwake. "Mzee wangu, hapa kuna nafasi ya neno moja tu."

"Basi andika lile la kweli."

Akaandika Kenya. Usiku wa jana yake nilikuwa nimeandika barua ya kurasa tatu kueleza kazi aliyofanya Nyapara, na nikampa afisa aipeleke juu. Najua ilifika, kwa sababu nilijibiwa. Jibu lilikuwa na mistari miwili na lilikuwa la heshima. Mwisho wa mwezi wa sita Nyapara alirudisha nyundo, koleo na ndoo za chokaa, akahakikisha stoo imefungwa, akanipa ufunguo. Kamba ya mafundo ilikuwa yake mwenyewe, alitaka kuiacha. Nilikataa. Nilimwambia nitafunga yangu, na nilifunga, na mafundo yangu hayakuwa sawa.

Mwaka ule niliupima uwanja bila yeye. Nilipata vibarua wawili wazuri na nyapara mpya aliyekuwa mpole, lakini alikuwa hajawahi kuona maonyesho hata mara moja. Kwa wiki tatu nilikuwa naulizwa maswali, na kila nilipofungua mdomo nilisikia nikijibu kwa maneno ya mzee. Banda la pombe mbali na fahali. Kina mama wazee upande wa kivuli cha mchana. Nililala vibaya. Nilikuwa na hakika kuna kitu kimoja ambacho hakuniambia, na kwamba nitakijua siku ya maonyesho, watu wakiwa elfu uwanjani.

Siku ilifika. Saa tatu asubuhi nilimwona akiingia kwa mlango wa barabarani, na Mama Sabina akiwa hatua mbili nyuma yake. Sikumtambua mara moja. Hakuwa na kaptula wala kofia. Alivaa suti nyeusi ya zamani, ya harusi nadhani, na shati jeupe lililofungwa mpaka juu. Alikuwa amelipa kiingilio kama mtu yeyote. Nilikimbia kumlaki, nikamwomba akae kwenye viti vya wageni. Alikataa. Alisema yeye na mkewe wamekuja kutazama.

Alizunguka uwanja mzima taratibu, mikono nyuma. Nilikuwa nikifanya kazi lakini jicho langu lilimfuata. Alipita vibandani, akapita kwa fahali, akasimama kwa Anyango, ambaye siku hizo alikuwa mmoja wa waamuzi wa ususi, wakasalimiana kwa muda mrefu. Alipofika kwenye banda la pombe alisimama, akatazama upande wa fahali, akatazama banda, akaendelea. Nilipumua.

Mchana ngoma zilianza. Walitangulia Wapadhola, wanaume na wanawake, na ngoma zile ndefu ambazo mpigaji huzikalia. Nilikuwa nimesimama kwenye kamba ya ukingo wa duara, nawazuia watu wasiingie, nilipoona kwamba mzee na mkewe wamekaa mstari wa mbele kabisa, kwenye majani, karibu na miguu yangu. Mama Sabina alikuwa akipiga makofi. Mzee hakupiga. Alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesikiliza habari inayomhusu.

Nilichuchumaa kando yake. "Mzee, unaionaje?"

Hakunitazama. "Misi," alisema polepole, "kumbe huwa wanaruka."

"Nani?"

"Hawa wanawake. Kumbe pale mwisho, ngoma ikibadilika, wanaruka wote pamoja." Akaonyesha kwa kidole. "Nimesikia hii ngoma miaka mingi. Naijua yote. Najua mahali watu wanapiga kelele. Nilikuwa nashangaa kwa nini wanapiga kelele pale."

Mama Sabina alicheka. "Alikuwa anaipa mgongo," aliniambia. "Mwaka hadi mwaka. Anaipa ngoma mgongo, anatazama watu. Akija nyumbani namuuliza, ngoma ilikuwaje? Ananiambia, hakuna mtu ameumia."

Nilibaki nimechuchumaa. Niliwaza miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, na kweli, katika kila maonyesho ninayoyakumbuka, uso wake ulikuwa umeelekea kwetu, na sherehe ilikuwa nyuma yake. Niliwaza pia kwamba tangu niajiriwe, mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuona ngoma hata moja mpaka mwisho. Nikakaa kwenye majani. Nikaachia kamba. Walikuwa wanakaribia pale ambapo mpigo hubadilika, na nilitaka kuona wanawake wakiruka.

Mzee aliniacha kama dakika moja hivi. Kisha, macho yake yakiwa bado kwa wachezaji, akaninong'oneza.

"Misi. Rudi kazini. Kule upande wa lango wanasukumana."

Niligeuka. Ilikuwa kweli, watu walikuwa wamejazana pale, na mtoto mmoja alikuwa ameanza kulia. Niliinuka, nikashika kamba, nikaipa ngoma mgongo. Nyuma yangu mpigo ulibadilika, uwanja mzima ukapiga kelele, na katika kelele zile nilimsikia Nyapara Wandera akicheka kwa sauti, kitu ambacho sikuwahi kumsikia akifanya kazini.